Vita Havina Umoja: Mchango Mdogo katika Uainishaji wa Makumbusho ya Vita

Kila aliyepita darasa la Kiswahili anajua kwamba neno "vita" lina kilema: halina umoja. Tunacho kiti na viti, kisu na visu, kiatu na viatu, lakini hajazaliwa bado mtu aliyepigana kita. Wako wanaolikwepa tatizo kwa kusema "vita hii", na wako wahariri wanaokosa usingizi kwa ajili yao. Wanasarufi kwa kawaida hulipita jambo hili kama ajali ndogo ya lugha. Mimi nalichukulia kuwa ugunduzi. Vita havina umoja, na anayetaka ushahidi aende akazitazame nyumba zilizojengwa kuvihifadhi.

Nyumba hizo ni nyingi na zinaongezeka, ila taaluma ya kuziainisha imedumaa. Vitabu vya watalii huzipanga kwa nchi, kwa saa za kufungua na kwa bei ya tiketi, vigezo visivyomwambia mgeni lolote kuhusu kilichomo ndani. Napendekeza vigezo viwili ambavyo msomaji wa Kiswahili anavyo tayari bila gharama. Cha kwanza ni ngeli, yaani kitu gani makumbusho hayo yanakiona kuwa kiini cha vita. Cha pili ni kauli, yaani kama kitenzi kilichoandikwa kwenye kibao cha maelezo kinamtaja mtenda au kinamficha. Sampuli yangu haikuteuliwa kwa kanuni yoyote ya kitakwimu. Nimechukua makumbusho yaliyonisumbua.

Kwanza istilahi. Ukimtajia mkazi wa Dar es Salaam neno "Makumbusho", kinachomjia ni kituo cha daladala kule Kijitonyama na sauti ya konda, wala si kijiji cha makumbusho kilichokipa kituo jina lake. Tumsamehe. Lakini aliangalie neno lenyewe: limetokana na kumbusha, si kumbuka. Kukumbuka mtu hukumbuka mwenyewe, kitandani usiku wa manane, bila kibali cha wizara. Kukumbusha kunataka watu wawili, mmoja anayejua na mwingine anayedhaniwa amesahau. Kauli ya kutendesha imo ndani ya jina, juu ya mlango, kabla hujakata tiketi. Baada ya hapo maswali yote ni ya sarufi: nani anamkumbusha nani, jambo gani, na kwa kitenzi kipi.

Ngeli yenye vielelezo vingi kuliko zote ni KI-VI, ngeli ya vitu. Hapa Kiswahili kina sheria ambayo nina hakika majenerali hawajaitafakari. Kifaru mwenye pembe ni mnyama, hivyo hupewa upatanisho wa wenye uhai: kifaru amelala, vifaru wamekimbia. Mvike chuma, mpe mzinga na injini, na papo hapo anakata roho kisarufi: kifaru kimeungua, vifaru vimeingia mjini. Ndege kadhalika. Akiwa na manyoya ni huyu, ikiwa na mabomu ni hii. Lugha yetu imekataa katakata kukubali kwamba mashine ya kuulia ina roho. Makumbusho ya KI-VI yamejipa kazi ya kuirudisha roho hiyo. Kifaru huoshwa, hupakwa rangi, huwekwa uani penye nyasi, na Jumapili watoto hukipanda mgongoni kama mnyama mpole aliyezeekea kwenye boma. Baada ya miezi michache kimeshakuwa "huyu" tena.

Mama wa ngeli hii ni Imperial War Museum ya London. Serikali ya Uingereza iliidhinisha kuanzishwa kwake tarehe 5 Machi 1917, vita vyenyewe vikiwa bado vinapiganwa na mshindi hajulikani, jambo linaloonyesha imani kubwa ama kwa jeshi ama kwa makabati ya kioo. Mwaka 1936 makumbusho yalihamia Lambeth, katika jengo lililokuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, Bethlem. Waingereza wenyewe wameshaufanyia mzaha uamuzi huo, kwa hiyo sitaongeza langu. Mbele ya mlango kuna mizinga miwili ya manowari ya inchi 15. Ndani, ukumbini, ndege ya Spitfire imening'inizwa na roketi ya V-2 imesimamishwa, na mgeni huingia huku ameinua shingo kama muumini.

Lakini kielelezo kikubwa cha KI-VI cha karne hii hakina hata paa. Agosti 2022, siku chache kabla ya Siku ya Uhuru wa Ukraine, barabara ya Khreshchatyk mjini Kyiv ilipangwa magari ya kivita ya Urusi yaliyoungua, mstari mrefu, kama gwaride la maiti. Mei 2024 ikawa zamu ya Moscow: katika bustani ya ushindi kule Poklonnaya vikawekwa vyuma vilivyotekwa Ukraine, Abrams ya Marekani na Leopard ya Ujerumani vikiwemo. Picha zilizopigwa katika miji hiyo miwili zinafanana kuliko wapiga picha wangependa: baba, mtoto, mnyororo wa kifaru. Tofauti kubwa haionekani kwenye chuma. Vya Kyiv vilikuja vyenyewe, kwa minyororo yao, vikivuka mpaka ambao hakuna aliyevifungulia. Vya Moscow vilivutwa. Kitu hakiwezi kumwambia mtazamaji hilo. Kibao ndicho kingeweza, na vibao vya pande hizo mbili havijawahi kukubaliana hata juu ya jina la vita.

Kuna pia tawi la KI-VI ambalo halitaki kukihuisha kifaru, linataka kukidhalilisha. Huko Mleeta, kusini mwa Lebanon, Hezbollah ilifungua makumbusho yake mwaka 2010, na pale bondeni kuna kifaru cha Israeli ambacho mtutu wake umefungwa fundo kama kamba ya mbuzi. Ninakiri kwamba kama kazi ya ufundi wa chuma inastahili heshima. Kama maelezo ya chanzo na mwendo wa vita, ni fundo.

Ngeli ya LI-YA nitaipita haraka kwa sababu yenyewe haipendi kupitwa haraka. Hii ni ngeli ya ukubwa. Mtu akikuzwa huwa jitu, nyumba huwa jumba, na ushindi ukikuzwa huwa panorama. Ile ya Cairo, ya vita vya Oktoba 1973, ilifunguliwa mwaka 1989 kwa msaada wa wajenzi wa Korea Kaskazini. Watazamaji huketi kwenye jukwaa linalozunguka, askari wakivuka Mfereji wa Suez mbele yao kila siku, bila kuchoka na bila kufika kwenye zile siku za mwisho za vita ambazo mambo yalikuwa magumu. Wakorea wenyewe wana majumba mawili ya namna hii, moja Seoul, lililofunguliwa 1994, na moja Pyongyang, ambako meli ya kijasusi ya Marekani USS Pueblo, iliyotekwa 1968, imetiwa nanga kando ya makumbusho. Majumba yote mawili yanakubali kwamba vita vyao vilianza 25 Juni 1950. Kuhusu nani alianza, kila moja lina hakika.

Ngeli ya M-WA ni adimu, kwa sababu watu hawahifadhiki vizuri kama chuma. Mfano wake mzuri uko Sarajevo, mji uliozingirwa tangu 1992 hadi 1996. Jasminko Halilović, aliyekuwa mtoto wakati huo, aliwauliza wenzake kwenye intaneti swali moja: utoto wako ulikuwaje vitani? Majibu mafupi yakajaa, yakawa kitabu, kisha mwaka 2017 yakawa makumbusho ya utoto vitani. Ndani mna vitu vya kuchezea, nguo na daftari, kila kimoja na maneno ya aliyekitoa. Kwa kipimo cha tani ni kijimakumbusho. Lakini ndiko pekee katika sampuli yangu ambako kiambishi cha udogo kinasomeka kama sifa. Sarajevo, niongeze, ni mji wenye kipaji cha uainishaji. Mwaka 2007 ulisimamishiwa mnara wa kopo kubwa la nyama ya msaada, kwa shukrani kwa jumuiya ya kimataifa. Msomaji aliyewahi kupanga foleni ya unga wa msaada hahitaji kibao.

Halafu PA-KU-MU, ngeli ya mahali, ambayo Kiswahili kimeigawa kwa makini: pa ya mahali dhahiri, ku ya mahali pasipo mipaka, mu ya ndani. Makumbusho ya ndani ni kama vyumba vya chini ya ardhi alimoendeshea Churchill vita vyake, au handaki la Sarajevo lililochimbwa 1993 chini ya uwanja wa ndege, humo mkipita chakula, bunduki na majeruhi. Humo mgeni huinama, na kuinama ni nusu ya maelezo.

Makumbusho ya pa ni jambo jingine. Tuol Sleng, Phnom Penh, ilikuwa shule. Murambi, kusini mwa Rwanda, ilikuwa shule ya ufundi iliyokuwa bado haijakamilika Aprili 1994, walipokusanywa hapo maelfu ya Watutsi walioambiwa kwamba watakuwa salama, wakauawa. Baadhi ya miili imehifadhiwa kwa chokaa, katika vyumba vya madarasa, juu ya meza za mbao. Hapa mwainishaji huweka kalamu chini. Nilidhani ningesema kwamba katika Murambi mtu amekuwa kitu, M-WA ikaingia KI-VI, lakini sentensi hiyo ina werevu usio na mahali pake. Nitaje tu kwamba pale nje kulikuwa na kibao kidogo kilichoeleza kwamba hapo ndipo wanajeshi wa Ufaransa, waliofika baadaye mwaka huohuo, walipocheza voliboli. Hakina kivumishi. Kina mtenda, kitenzi na mahali. Katika usomaji wangu wote wa vibao vya makumbusho sijakutana na kauli ya kutenda iliyo safi kuliko hiyo, na inatuingiza kwenye kigezo cha pili.

Mzazi yeyote wa Kiswahili anajua kauli ya kutendeka bila kufundishwa. Mlio unasikika jikoni, kisha sauti nyembamba: "Mama, kikombe kimevunjika." Hakuna aliyekivunja. Kikombe, kwa sababu zake binafsi, kimevunjika. Mtoto wa miaka minne ameshajua kwamba kiambishi kimoja, -ik-, kinaweza kumwokoa na fimbo. Taasisi za umma hujifunza hilo kwa gharama kubwa zaidi.

Mwaka 1995, miaka 50 baada ya Hiroshima, makumbusho ya anga ya Smithsonian mjini Washington yalipanga kuionyesha Enola Gay, ndege iliyoangusha bomu, pamoja na picha na vitu vya waliokuwa chini yake. Wanajeshi wastaafu na wabunge wakaja juu. Kwa macho yao kauli ya kutenda ilikuwa imepewa mtenda asiye sahihi, kwa kuwa aliyeanzisha vita ni Japani. Mpango ukafutwa Januari, mkurugenzi Martin Harwit akajiuzulu Mei, na kilichobaki ni kipande cha bodi ya ndege na maelezo ya jinsi kilivyokarabatiwa. Ndege nzima iliwekwa mwaka 2003 katika ukumbi mpya karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, na kibao chake kikaisifu kwa ufundi wake. Ni ndege bora sana. Hiroshima iliungua.

Ottawa ilipata dawa tofauti. Makumbusho ya vita ya Kanada yalipofungua jengo jipya mwaka 2005, kibao kimoja kilisema kwamba faida na uhalali wa kuipiga miji ya Ujerumani kwa mabomu bado vinabishaniwa, kikataja idadi ya waliokufa. Marubani wastaafu walikasirika, Baraza la Seneti likaingilia, na mwaka 2007 kibao kikaandikwa upya. Hakikufutwa, kilirefushwa. Kutokana na hilo naweka Kanuni ya Ottawa: mtenda asiyeweza kuondolewa kwenye sentensi huzungushiwa sentensi nyingine hadi asionekane.

Lakini anayetaka kuona kitenzi kikinyambuliwa mbele ya macho yake, kwa miaka 20, kwenye ubao mmoja, aende Ho Chi Minh City. Nyumba ileile ilifunguliwa Septemba 1975 kama Nyumba ya Maonyesho ya Uhalifu wa Marekani na Vibaraka. Mtenda yupo, kosa lipo, hata wasaidizi wake wamo. Mwaka 1990 ikawa Nyumba ya Maonyesho ya Uhalifu wa Vita na Uvamizi. Uhalifu umebaki, mhalifu ameondoka bila kuaga. Mwaka 1995, mwaka ambao Marekani na Vietnam zilirejesha uhusiano wa kibalozi, ikawa Makumbusho ya Masalia ya Vita. Masalia! Kama makombo mezani baada ya karamu ambayo hakuna anayekumbuka nani aliiandaa. Sasa ingia ndani. Picha za walioathiriwa na sumu ya Agent Orange ziko ukutani, za vijiji vilivyoteketezwa ziko ukutani, na kila mgeni, akiwemo Mmarekani anayetembea kimya na mkewe, anajua mtenda ni nani. Ubao wa nje umekuwa wa adabu kwa sababu kuta za ndani hazina haja ya kusaidiwa. Ni mkakati ambao wanadiplomasia wangeuonea wivu, na unavunja nadharia yangu kidogo, kwa kuwa nilitarajia jina na chumba vitumie kauli moja.

Kauli ya kutendana imetengwa kwa ajili ya vita vya watu wengine. Wazungu wakipigana, kuna chanzo, kuna mkataba uliovunjwa, kuna tarehe. Waafrika wakipigana, "wanauana wenyewe kwa wenyewe", na Kiswahili nacho kimekubali kuita hivyo. Basi nenda British Museum ukatazame Kiti cha Enzi cha Silaha, kilichoundwa mwaka 2001 na Mmsumbiji Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester. Kimetengenezwa kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya Msumbiji, katika mradi wa Askofu Dinis Sengulane wa kuwapa watu majembe, baiskeli na cherehani wakisalimisha silaha. Kina mgongo wa vitako vya bunduki, na ukikitazama vizuri unaona kana kwamba nyuso mbili zinatabasamu. Hakuna bunduki hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa Afrika. Huo ndio mwisho wa "wenyewe kwa wenyewe", umekaa kwenye kiti, London, bila kupaza sauti.

Na London hiyohiyo ndiko kuliko na kielelezo kilichonishinda. Mwaka 2010 Imperial War Museum iliweka ukumbini, chini ya Spitfire, gari. Ukiambiwa ni gari utaamini. Ukiliona utafikiri ni karatasi ya bati iliyokunjwa na kutupwa jalalani, imeshika kutu nyekundu. Msanii Jeremy Deller alikuwa amelizungusha Marekani mwaka 2009, likikokotwa kwenye trela kutoka New York hadi Los Angeles, akiwa amefuatana na Mwiraki mmoja na mwanajeshi mmoja wa Marekani aliyewahi kupigana Iraq, ili wapita njia wasimame waulize. Gari hilo lilikuwa Baghdad, mtaa wa Al-Mutanabbi, mtaa wa wauza vitabu, bomu lilipolipuka na kuua makumi ya watu. Tarehe ilikuwa 5 Machi 2007, miaka 90 kamili tangu siku ambayo makumbusho yaliidhinishwa kuanzishwa. Sina la kufanya na ulinganifu huo. Nauacha hapo.

Jaribuni kuliainisha. Ni la ngeli ya vitu, lakini halihuishiki. Hakuna mtoto atakayelipanda. Ni la mahali, ila mahali pake pako mbali nalo. Wenye uhai hawapo. Na kibao chake? Gari lililipuliwa na... Baada ya "na" hakuna jina la kuandika, kwa sababu aliyetega bomu hakuacha jina. Kauli ya kutendwa imesimama pale mguu mmoja hewani. Mbele yake kuna swali jingine ambalo sarufi inalifikia lakini kibao hakilifikii: nani aliufungua mlango wa mwaka 2003 ambao mlipuaji aliupitia. Vita vya leo vinaacha vielelezo vya aina hii, na vitazidi. Ndege isiyo na rubani haina rubani wa kuhojiwa miaka 50 baadaye, na mkataba wa kampuni ya ulinzi haupendezi kabatini. Nilipofika kwenye gari hili niliuchana mpango wangu wa jedwali.

Imebaki kauli ya kutendea, ile ya "walitufia". Kule Kaboya, wilayani Muleba, wamezikwa zaidi ya wanajeshi 600 wa Vita vya Kagera, na hapo hakuna ubishi wa kisarufi: walifia nchi yao, iliyokuwa imevamiwa. Ubishi uko mjini. Katikati ya Dar es Salaam, pale Posta, tangu mwaka 1927 anasimama yule askari wa shaba, singe mbele, na maandishi ya Kiingereza na Kiswahili, hati ya Kilatini na ya Kiarabu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao Wissmann mjini humo. Waingereza wakamng'oa, wakamchukua nyara, akarudishwa Hamburg, na huko wanafunzi wakamwangusha katika miaka ya 1960. Askari yeye yupo bado. Alimfia nani? Maandishi yana jibu. Liliandikwa na Kipling.

Lakini wengi waliokufa katika vita vile hawakubeba bunduki. Walibeba unga, risasi na mabwana wagonjwa, na wakaanguka njiani kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji walilimeza jina hilo wakalitoa upya: Kariakoo kule Dar es Salaam, Kariokor kule Nairobi. Katika sampuli yangu yote Kariakoo ndiyo taasisi pekee isiyo na tiketi, kabati wala kibao, na ndiyo inayotembelewa na watu wengi zaidi kwa siku. Haina kauli yoyote. Nimeipitia mara nyingi nikitafuta mtenda, na kila mara nimesukumwa pembeni na kijana mwenye gunia mgongoni akipiga kelele apishwe njia.